Ubalozi si kipande cha nchi ya kigeni: Kazi, kinga na mipaka ya afisi za mabalozi

KWA karibu majuma mawili mnamo Februari 1999, mtu aliyekuwa akisakwa na Serikali ya Uturuki kuliko mwingine yeyote alikuwa amejificha katika jumba moja jijini Nairobi. Mtu huyo, Abdullah Öcalan, kiongozi wa wapiganaji wa Kikurdi wa chama cha PKK, alikuwa amehifadhiwa katika makao ya balozi wa Ugiriki nchini Kenya. Wakati huo wote hakuna askari aliyeuvunja mlango wa jumba hilo.

Mnamo Februari 15 Öcalan alitoka nje na kupanda gari lililomchukua kuelekea uwanja wa ndege, akiamini kwamba alikuwa akipelekwa Ulaya. Badala yake alijikuta ndani ya ndege akiwa mikononi mwa maafisa wa ujasusi wa Uturuki. Siku tatu baadaye mawaziri watatu wa Ugiriki, akiwemo Waziri wa Mambo ya Nje Theodoros Pangalos, waliacha kazi. Wakurdi wenye ghadhabu walivamia afisi za ubalozi wa Ugiriki, na hata za Kenya, katika baadhi ya miji ya Ulaya.

Kisa hicho kiliwaacha Wakenya wengi na swali. Iweje ukuta wa jumba moja umkinge mtu kwa siku nyingi hivyo, kisha hatua chache za kutoka langoni zimpokonye kinga yote?

Jibu ambalo husikika aghalabu mitaani ni kwamba ubalozi ni ardhi ya nchi ya kigeni, kwamba ukivuka lango la ubalozi wa Marekani pale Gigiri umekwisha kuingia Marekani. Jibu hilo si sahihi, ingawa hata watu waliosoma hulirudia. Ardhi ambayo ubalozi umejengwa juu yake hubaki kuwa ya nchi mwenyeji, na sheria za nchi mwenyeji hutumika humo. Mtu akiua mwenzake ndani ya ubalozi ulioko Nairobi, ameua nchini Kenya. Kilichopo ni ahadi ambayo mataifa yamepeana: kwamba askari na maafisa wa nchi mwenyeji hawataingia mahali hapo bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi.

Ahadi hiyo ni ya kale. Waswahili husema mjumbe hauawi, na kila jamii iliyowahi kupigana na jirani yake ilijifunza hekima hiyo mapema, kwani anayemuua mjumbe leo hatakuwa na wa kumtuma kesho kuomba amani. Pwani ya Afrika Mashariki yenyewe ina historia ndefu ya wajumbe. Mnamo 1415 ujumbe kutoka Malindi ulifika katika kasri la mfalme wa China ukiwa na zawadi ya twiga. Mnamo 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na miaka minne baadaye Mmarekani Richard Waters akafungua afisi ya balozi mdogo Unguja. Mnamo 1840 Sultani naye alimtuma Ahmad bin Naaman hadi New York kwa jahazi lililoitwa Sultana.

Hata hivyo, desturi hizo ziliandikwa na kuwa sheria moja ya dunia mnamo Aprili 18, 1961, katika jiji la Vienna nchini Austria. Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia una vifungu 53 na ulianza kutumika mwaka 1964. Mwenzake, ule unaohusu kazi za balozi ndogo, yaani huduma kwa raia walio ugenini, ulipitishwa mwaka 1963. Takriban kila nchi duniani imejiunga na mikataba hiyo miwili, na Kenya imeiingiza katika sheria zake kupitia Sheria ya Mapendeleo na Kinga, Sura ya 179.

Balozi hufikaje kituoni

Nchi haiwezi kuamka asubuhi na kumtuma balozi inakotaka. Kwanza jina lake hupelekwa kimyakimya kwa nchi mwenyeji ili itoe ridhaa. Nchi hiyo ina haki ya kumkataa na hailazimiki kueleza sababu, na ndiyo maana mambo haya hufanywa faraghani, ili anayekataliwa asiaibike hadharani. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya 2010 inamtaka Rais ateue mabalozi kisha Bunge la Taifa liwaidhinishe.

Anapowasili, balozi hubeba hati za utambulisho kutoka kwa kiongozi wa nchi yake na kuzikabidhi kwa kiongozi wa nchi mwenyeji, hapa kwetu katika Ikulu ya Nairobi. Picha za hafla hizo huonekana magazetini na wasomaji wengi huziruka. Lakini tarehe ya siku hiyo ina uzito wake, kwani mabalozi hupangwa kwa ukuu kulingana na nani alitangulia kuwasilisha hati, si kulingana na utajiri wa nchi zao. Balozi wa kisiwa kidogo aliyekaa miaka minane atatangulia kusalimiwa kabla ya balozi wa taifa kubwa aliyewasili juzi.

Nchi za Jumuiya ya Madola hutumiana makamishna wakuu badala ya mabalozi. Tofauti ni ya jina tu na ilitokana na historia: wakati nchi hizo zilipokuwa na mfalme au malkia mmoja, isingekuwa na maana mtawala ajitambulishe kwake mwenyewe. Balozi akiwa hayupo, au nchi mbili zikiwa zimekosana, afisi huongozwa na kaimu balozi.

Nairobi ni kituo chenye uzito wa pekee. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira, UNEP, na ya makazi, UN-Habitat, yana makao makuu Gigiri, na mabalozi wengi waliotumwa Kenya huziwakilisha nchi zao pia katika mashirika hayo.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mkataba wa Vienna unataja kazi kuu za ubalozi: kuiwakilisha nchi iliyoutuma, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kuchunguza hali ya nchi hiyo na kutuma ripoti nyumbani, na kukuza urafiki, biashara na utamaduni.

Karamu ambazo hufanya watu wadhani mabalozi hawana kazi ni sehemu ya shughuli hizo. Kwenye karamu ndipo afisa wa biashara hukutana na mfanyabiashara ambaye hangepatikana kwa barua, na ndipo mwambata wa kijeshi humsikia jenerali akisema jambo ambalo halitaandikwa katika taarifa yoyote rasmi.

Ile kazi ya kuchunguza na kuripoti ndiyo huzua mikwaruzano zaidi. Mkataba unairuhusu, mradi ifanywe kwa njia halali. Kusoma magazeti, kuhudhuria vikao vya bunge, kuzungumza na wapinzani, makasisi, mashekhe na wakulima: haya yote ni halali. Kuiba siri za serikali ni ujasusi. Kwa kweli mpaka kati ya mambo haya mawili si mstari mnyoofu, na kila nchi kubwa hutuma majasusi wachache waliovalishwa vyeo vya kidiplomasia. Nchi mwenyeji kwa kawaida hujua, na hunyamaza mpaka siku itakapotaka kukasirika.

Kifungu cha 41 cha mkataba huo kinawakataza wanadiplomasia kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Wakenya wanakumbuka jinsi kifungu hicho kilivyovutwa huku na huku katika miaka ya kupigania mfumo wa vyama vingi. Mnamo Mei 1990 Balozi wa Marekani Smith Hempstone, aliyekuwa mwanahabari kabla ya kuteuliwa, alitangaza jijini Nairobi kwamba Bunge la nchi yake lingependelea kuzisaidia nchi zinazokumbatia demokrasia. Wakuu wa KANU walimshambulia kwa maneno makali. Wanaharakati walimwona shujaa. Oktoba mwaka huo huo Balozi wa Norway Niels Dahl alikwenda mahakamani kufuatilia kesi ya uhaini iliyomkabili Koigi wa Wamwere, ambaye alikuwa amepewa hifadhi nchini Norway. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikatiza uhusiano na Norway, na misaada ya nchi hiyo ikakoma. Ilichukua miaka kadhaa kwa uhusiano huo kurejeshwa.

Je, kuketi katika chumba cha mahakama kilicho wazi kwa umma ni kuingilia mambo ya ndani? Kwa serikali ya wakati huo, ndiyo. Kwa mtu asiyeegemea upande wowote, ni vigumu kuona kosa la mtu anayesikiliza kesi. Lakini mkataba hauweki mwamuzi wa kuamua. Nchi mwenyeji ndiyo huamua, na silaha yake imo katika kifungu cha 9: inaweza wakati wowote, bila kutoa sababu, kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyetakiwa. Nchi yake humwita nyumbani.

Mkenya aliye Ghuba na lango la ubalozi

Kwa mwananchi wa kawaida, hata hivyo, hadhi ya balozi si hoja. Hoja ni kama mlango wa ubalozi utafunguliwa siku binti yake atakapoubisha akiwa Riyadh au Kuwait.

Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mnamo 2024, kulingana na takwimu za Benki Kuu ya Kenya. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba, ambako kwa miaka mingi wafanyakazi wa kigeni wamekuwa chini ya mfumo wa udhamini uitwao kafala, ingawa baadhi ya nchi zimeulegeza. Katika mfumo huo kibali cha mfanyakazi cha kuishi nchini humo hufungamanishwa na mwajiri wake. Akitoroka kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa mshahara, yeye ndiye anayehesabiwa kuwa amevunja sheria. Aghalabu pasipoti yake hubaki kabatini mwa mwajiri.

Ubalozi unaweza kufanya nini hapo? Unaweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria badala ya pasipoti iliyozuiliwa. Unaweza kuwaandikia wakuu wa nchi hiyo, kumfuata mwajiri kuhusu mshahara, kumtembelea aliyefungwa, kuwaarifu jamaa zake, na akifariki, kushughulikia hati za kuusafirisha mwili. Unaweza kumpa pa kulala kwa muda. Askari wa nchi hiyo hawataingia kumkamata humo.

Lakini ubalozi hauwezi kumtoa gerezani, wala kufuta hukumu, wala kuilazimisha idara ya uhamiaji ya nchi ile kumgongea muhuri wa kuondoka. Penye sheria inayodai kibali cha kutoka nchini, binti aliye salama ndani ya ua wa ubalozi anaweza kukaa humo miezi akisubiri karatasi moja. Ukuta humlinda, lakini barabara ya kwenda uwanja wa ndege ni ya wenyewe, sawa na ilivyokuwa kwa Öcalan.

Kifungu cha 36 cha mkataba wa 1963 kina manufaa makubwa kwa wasafiri, na ni wachache wanaokijua. Mgeni akikamatwa, maafisa wa nchi hiyo wanapaswa kumwambia bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Mnamo 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Marekani ilikuwa imevunja kifungu hicho katika kesi za raia 51 wa Mexico waliohukumiwa kifo. Mkenya anayekamatwa ugenini ana haki ya kulisema ombi hilo mwenyewe, hata kama hakuna aliyemwambia.

Tatizo jingine ni kwamba Kenya, kama nchi nyingi zisizo tajiri, haina ubalozi kila mahali. Balozi mmoja huweza kupewa nchi tatu au nne, na katika nchi ambazo haishi humo huwekwa balozi mdogo wa heshima. Huyu mara nyingi ni mfanyabiashara wa huko huko, asiyelipwa mshahara wa afisa wa serikali, na ambaye kinga yake ni finyu. Mpango huo unatosha panapohitajika kugonga muhuri kwenye viza chache. Hautoshi panapokuwa na maelfu ya wafanyakazi. Mnamo Agosti 2020, baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut, wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya afisi ya balozi wa heshima wa Kenya nchini Lebanon wakidai kurejeshwa nyumbani. Mwaka 2022 Serikali iliunda idara maalumu ya masuala ya Wakenya walio ughaibuni katika Wizara ya Masuala ya Kigeni. Hiyo ni hatua, lakini idara iliyoko Nairobi haiwezi kuchukua nafasi ya afisa mwenye gari na simu katika mji ambamo mtu amefungiwa.

Kinga ni ya nchi

Jambo jingine linalowaudhi wananchi ni kinga ya kidiplomasia. Dereva wa gari lenye herufi za CD anapovunja sheria za barabarani kisha akaondoka akipunga mkono, inaonekana kana kwamba sheria imetungwa kwa ajili ya wanyonge tu.

Kinga hiyo ilibuniwa ili serikali isiwatishe wajumbe wa nchi nyingine kwa kesi za kusingiziwa. Kwa hivyo ni mali ya nchi iliyomtuma mwanadiplomasia, wala si yake binafsi. Nchi hiyo inaweza kuiondoa, na yeye hana la kufanya. Nairobi ilishuhudia hayo. Mnamo Julai 27, 2012, Kaimu Balozi wa Venezuela Olga Fonseca aliuawa katika makao yake mtaani Runda, majuma mawili hivi baada ya kuwasili nchini. Aliyeshtakiwa pamoja na wengine alikuwa katibu wa kwanza wa ubalozi huo huo. Venezuela ilimwondolea kinga, akafikishwa katika Mahakama Kuu, na mnamo 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kesi ilichukua zaidi ya mwongo mmoja, lakini iliendeshwa na mahakama ya Kenya kwa sheria za Kenya.

Hata mizigo ya ubalozi ina kinga: mfuko wa kidiplomasia haufunguliwi. Ila lazima uwe na alama na nyaraka zake. Mnamo Julai 1984 waziri wa zamani wa Nigeria Umaru Dikko alitekwa nyara jijini London, akadungwa dawa za usingizi na kutiwa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa lisafirishwe kwa ndege hadi Lagos. Maafisa wa forodha katika uwanja wa Stansted waligundua kwamba sanduku hilo halikuwa na nyaraka rasmi za mzigo wa kidiplomasia. Wakalifungua. Dikko aliokolewa na uzembe wa kimakaratasi wa waliomteka.

Nayo kinga ya jengo hudumu maadamu mwenye ubalozi anaitaka. Julian Assange, mwasisi wa WikiLeaks, aliishi katika ubalozi wa Ecuador jijini London tangu 2012 hadi Aprili 2019, na polisi wa Uingereza waliingia siku ile tu ambapo Ecuador yenyewe iliwaita. Ajabu ni kwamba Ecuador hiyo hiyo iliwatuma askari wake kuvamia ubalozi wa Mexico jijini Quito mnamo Aprili 2024 ili kumkamata Jorge Glas, aliyekuwa makamu wa rais. Mexico ilikata uhusiano mara moja, na nchi nyingi, hata zisizomwonea huruma Glas, zikailaumu Ecuador. Kila moja ilikuwa ikifikiria afisi zake.

Nchi zinapokosana kabisa, hatua hupanda ngazi: balozi huitwa nyumbani kwa mashauriano, kisha maafisa hufukuzwa, kisha uhusiano hukatwa. Mnamo Desemba 2020 Somalia ilikata uhusiano na Kenya baada ya Nairobi kumkaribisha kiongozi wa Somaliland, Muse Bihi, na wanadiplomasia wa Kenya wakapewa siku saba kuondoka Mogadishu. Uhusiano ulirejeshwa Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar. Hata katika hali kama hiyo mkataba unamtaka mwenyeji ayalinde majengo na nyaraka za yule aliyeondoka.

Wajibu huo wa kulinda ni mzito, na wakati mwingine raia wa nchi mwenyeji ndio hulipa gharama yake. Asubuhi ya Agosti 7, 1998, Balozi wa Marekani Prudence Bushnell alikuwa katika jengo la Co-operative karibu na afisi yake akikutana na Waziri wa Biashara Joseph Kamotho, kazi ya kawaida ya balozi yeyote. Lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nje ya ubalozi huo, katika makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Watu 213 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Kati ya waliokufa, Wamarekani walikuwa 12. Wengi wa waliosalia walikuwa Wakenya: makarani, abiria, wachuuzi, wanafunzi waliokuwa katika jumba la Ufundi lililoporomoka. Saa ile ile jijini Dar es Salaam watu 11 waliuawa katika shambulio jingine, na hakuna Mmarekani hata mmoja miongoni mwao.

Bushnell alikuwa amekwisha kuionya Washington kwamba jengo hilo lilikuwa karibu mno na barabara. Uchunguzi uliofanywa baadaye chini ya Admirali William Crowe uliwalaumu wakuu wa Marekani kwa kutotenga fedha za kutosha za usalama wa balozi zao. Tangu hapo nchi tajiri zimezihamisha afisi zao kutoka katikati ya miji hadi maeneo yenye nafasi pana, nyuma ya kuta nene. Ubalozi mpya wa Marekani ulifunguliwa Gigiri mwaka 2003. Pale uliposimama wa zamani pana bustani ya ukumbusho na ukuta wenye majina ya waliokufa, na baadhi ya Wakenya walionusurika wameendelea kudai fidia zaidi ya robo karne baadaye.